Kengele Zikiwa Roma

Kwetu Hadersbrunn kila mtu anajua kwamba Alhamisi Kuu, Utukufu ukishaimbwa, kengele zote za kanisa huondoka kwenda Roma, na hazirudi mpaka Jumamosi asubuhi Utukufu unapoimbwa tena. Ukimwambia mtoto kwamba kengele bado zinaning'inia palepale mnarani, atakucheka. Siku hizo watoto huzunguka kijiji wakigonganisha vibao kuwaita watu ibadani, na kinanda cha kanisani nacho hunyamaza. Hakuna anayekigusa. Hata panya walioishi ndani yake, alisema marehemu Notburga Aigner, siku hizo walitembea kwa kunyata.

Yeye alikuwa na haki ya kusema, maana maisha yake yote aliyamaliza nyuma ya kinanda hicho. Siku hizi wageni wanakuja na magari yao ya farasi kutoka Vienna kuuliza habari za Egidi Thanner, mtunzi mkubwa wa muziki: alizaliwa wapi, alikaa wapi, alifia wapi. Wanaonyeshwa nyumba, wanaonyeshwa kibao cha marumaru, wanavua kofia, wanakwenda kunywa mvinyo. Hakuna hata mmoja anayeuliza nani alimpa pumzi. Kinanda cha mabomba bila upepo ni kabati tu, na upepo wa kinanda kile ulitoka miguuni mwa Notburga.

Nyuma ya kinanda kuna chumba chembamba chenye giza, na ndani yake mivukuto miwili mikubwa ya ngozi. Mkanyagaji hupanda juu ya mti wa kwanza wa kukanyagia akaudidimiza kwa uzito wa mwili wake, mvukuto ukajaa. Kisha anahamia mti wa pili huku mvukuto wa kwanza ukishuka taratibu na kupuliza mabomba. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, Misa nzima. Mpigaji akitaka upepo huvuta kamba, kikengele kikalia kule nyuma. Muziki wenyewe hausikiki sawasawa humo. Unachosikia ni ngozi ikikoroma, mbao zikilia, na moyo wako mwenyewe.

Kazi ilikuwa ya baba yake, mzee Aigner, na Notburga aliipokea akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, goti la baba lilipogoma. Mpiga kinanda alikuwa mwalimu wa shule, bwana Thanner, kama ilivyo desturi ya vijiji vyetu, na mwanawe Egidi, kwa kifupi Gidi, alikuwa na miaka tisa: mwembamba, masikio yamechomoza, mdomo haupumziki. Mtoto yule alikuwa na wazimu wa kinanda. Baba yake akigeuka tu, yeye yuko juu. Lakini bila mtu wa kukanyaga angefanya nini? Basi kutwa alikuwa akimbembeleza Notburga.

"Dada Burgi, kidogo tu."

"Kidogo chako nakijua. Jana ulisema kidogo, nikakanyaga mpaka supu nyumbani ikaganda."

"Nitakupa tufaha langu."

"Umeshaling'ata."

"Upande mmoja tu! Ule mwingine mzima kabisa."

Naye akakanyaga. Alipenda kukanyaga kwa ajili ya Gidi, kwa sababu mtoto alicheza kama anayezungumza na mtu, na Notburga alitamani sana kusikia anasema nini. Kwa hiyo walikuwa na mchezo wao. Alijaza mivukuto yote miwili mpaka juu, kisha akatoka mbio kuzunguka kinanda ili asikie japo kidogo kutoka upande wa mbele. Hakuwahi hata mara moja. Ngozi ilikuwa kuukuu, imetobolewa na panya, na alipofika mbele akihema, mabomba yalikuwa yameshakata sauti na Gidi anapiga vibao vikavu vya kinanda huku akicheka.

"Pumzi imekwisha, Burgi! Unakimbia kama bata!"

Ijumaa Kuu ya mwaka ule, ibada ilipokwisha na wanawake wachache wamebaki wakisali mbele ya kaburi la Bwana, lile linalopambwa kanisani siku hiyo, Gidi alimfuata Notburga juu.

"Kengele zimekwenda Roma," alinong'ona, "lakini kinanda hakina miguu. Kipo."

"Padre atatuchinja."

"Sauti moja tu. Nataka kujua inakuwaje watu wote wakiwa kimya."

Notburga alikuwa mtoto naye, jambo ambalo baadaye watu walilisahau. Alikanyaga. Sauti ikatoka nene, ikajaa kanisa zima, na chini mwanamke mmoja akapiga kelele kwamba Bwana amefufuka kabla ya siku zake, mwingine akazirai. Gidi alichapwa na baba yake hata Pasaka akaila amesimama. Mambo yangeishia hapo, yakawa kichekesho cha kijiji.

Yasingekuwa ya Mei. Katikati ya Mei kuna zile siku za watakatifu wa baridi, sikukuu zinazorudisha baridi kali, ambazo mkulima yeyote wa zabibu kwetu hulala roho juu, na mwaka ule jalidi ilishuka. Kulipokucha, umande ulikuwa umeganda juu ya kila chipukizi, na jua lilipotoka mashamba yote, kuanzia ukuta wa kanisa hadi mtoni, yalikuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Hakukuwa na mvinyo mwaka ule, wala fedha, na familia nyingine zilifunga mizigo zikahama. Watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Nani alivunja ukimya wa Bwana? Mwana wa mwalimu? Lakini mwalimu ndiye anayewaandikia watu barua zao na kufundisha watoto wao. Mkanyagaji je? Bila upepo kinanda kisingelia, walisema, na katika yote waliyosema hilo tu ndilo lilikuwa kweli.

Mzee Aigner hakupishwa tena nafasi kwenye mabenchi ya baa. Alikuwa akiingia, anasalimu, watu wanatazama vikombe vyao. Alidhoofika, na kabla hajafa alimwita binti yake, akamwekea mkono juu ya msalaba, akamwapisha: atakanyaga mivukuto maisha yake yote kulipa deni la kijiji, na hataikanyaga tena kengele zikiwa Roma, hata aombwe na nani. Notburga akaapa.

Watu walimbandika jina la Jalidi. Wengine kwa chuki, wengine kwa mzaha, na mzaha ndio uliodumu. Hakuolewa, nani mwenye shamba la mizabibu angeipeleka jalidi nyumbani kwake? Wakati wa mavuno walimwajiri kuchuma kama mtu mwingine yeyote, lakini Mei ilipoingia mkulima alimwambia akicheka, macho yamegeukia pembeni, "Burgi, mwezi huu utupishe kidogo, eeh?" Naye aliwapisha. Mwaka baada ya mwaka, mpaka watakatifu wa baridi wapite, hakutia mguu shambani, alizunguka kwa njia ndefu ya mtoni. Na lililo baya kuliko yote ni kwamba mwenyewe aliamini.

Gidi hakubandikwa jina lolote. Alipofika miaka kumi na miwili sauti yake ilimpeleka Vienna kwenye kwaya ya kanisa kubwa. Sauti ilipovunjika akabaki kijana hana mbele wala nyuma, anafundisha muziki mabinti wa matajiri na kulala chumba kimoja na mpiga fidla aliyekoroma. Opera yake ya kwanza ilizomewa. Ya pili ilizomewa na nusu ya ukumbi, akaandika nyumbani kwamba hayo ni maendeleo. Kisha ikaja ile simfonia iliyowaliza wanaume wenye nishani vifuani, na milango yote ikafunguka, ya makabaila, ya wachapaji, ya nchi za mbali. Haya tuliyapata kwa baba yake, aliyesoma kila barua kwa sauti mbele ya shule na kuitia chumvi kila alipoweza.

Lakini majira ya joto akija nyumbani, mtunzi mkubwa hakwenda kwanza kwa Padre wala kwa mwenyekiti wa kijiji. Alipanda ngazi za kinanda na viatu vyake vya Vienna.

"Vienna kinanda kimoja kina wakanyagaji wanne," alisema, "na wote wanakanyaga kama watu wanaoua mende. Wewe tu ndiye unakanyaga kama unapumua."

"Maneno ya mjini hayo. Kaa ucheze, kuku wangu wananisubiri."

Siku moja, kabla ya kuvuta kamba, alisema bila kumtazama, "Bado wanakuita lile jina?"

"Wananiita nije kukanyaga. Inatosha."

"Ilikuwa sauti yangu, Burgi. Mimi ndiye niliyetaka."

"Na miguu ilikuwa yangu. Cheza."

Safari moja Gidi alimwita Vienna aje kusikia simfonia mpya, akamwekea nafasi ya mbele kabisa ya roshani. Notburga alisafiri juu ya gari la mapipa ya mvinyo, akaingizwa ukumbini na gauni lake la Pasaka, akaketi kwenye kiti laini kwa mara ya kwanza maishani. Taa, joto, manukato ya watu. Baadaye Gidi alimkuta mlangoni, uso unang'aa, bado ameshika kile kijiti cha kuongozea.

"Haya, niambie. Ulionaje?"

Notburga hakujua kudanganya. "Gidi, nilisinzia."

"Wapi? Sehemu ya pili?"

"Ulipoinua mikono. Niliamka watu wanapiga makofi."

Gidi alicheka mpaka akajishika ukuta. Wakosoaji wote wa Vienna, alisema, hawajawahi kumpiga pigo takatifu namna ile. Notburga alikuwa na machozi ya aibu.

"Miguu yangu ikikaa bila kukanyaga, mwili unadhani kazi imekwisha."

"Basi nitakuchezea nyumbani. Wewe utakaa mbele, kwenye benchi, kama malkia. Mwingine akanyage."

"Mwingine nani?"

"Tutampata."

Hawakumpata. Kila mwaka ilikuwa mwaka kesho. Padre anamngoja, rafiki wa Vienna amekuja naye, gari linaondoka. Na kusema kweli alipokaa kwenye kinanda kile Gidi hakutaka miguu mingine. Kwa hiyo mtu aliyemjua kuliko wote hakuwahi kuusikia muziki wake, na Notburga alilibeba hilo kimyakimya, kama mtu anavyobeba jino bovu.

Kisha mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, aliletwa nyumbani katika gari lililofungwa mapazia. Kifua. Dada yake Rosina, aliyekuwa akikaa nyumba ya jirani na kanisa, alimlaza karibu na jiko na kufukuza wageni. Notburga alikwenda na mayai, akamkuta amebaki masikio tu.

"Umekuja kunikanyagia?" alisema Gidi.

"Unywe mayai kwanza."

"Nina kitu kichwani. Kifupi. Sijakiandika, na sina nguvu ya kukiandika. Nataka tu nikisikie kikitoka."

"Pata nafuu, tutapanda."

Hakupata nafuu. Siku zilikwenda, Jumapili ya Matawi ikapita naye ana homa kali, Alhamisi Kuu kengele zikaondoka, na Ijumaa Kuu mchana homa ikamwachia ghafla, kama wafanyavyo wagonjwa wa namna hiyo.

Notburga alikuwa katika chumba cha mivukuto peke yake. Siku zile za ukimya ndizo alizotumia kupaka bawaba na ngozi mafuta ya ng'ombe. Ibada ilikuwa imekwisha. Chini wanawake walisali kaburini kwa sauti ya nyuki. Akasikia ngazi zinalia. Hatua moja, kikohozi, kimya kirefu. Hatua nyingine. Akajua kabla hajachungulia.

"Mungu wangu, Gidi! Nani kakuruhusu?"

"Rosina yuko kaburini anasali. Nimetoroka." Alikaa kwenye benchi la kinanda, jasho linamtiririka, akatabasamu kama yule wa miaka tisa. "Dada Burgi, kidogo tu."



"Leo ni Ijumaa Kuu."

"Najua siku."

"Kengele ziko Roma, Gidi."

"Na kinanda hakina miguu. Nilikwambia zamani." Alipoona hacheki, akaacha naye kucheka. "Burgi, nisikilize. Ni kifupi. Kitakwisha kabla Padre hajavaa viatu."

"Kesho asubuhi. Kesho Utukufu ukiimbwa, nitakanyaga mpaka mabomba yapasuke. Tutakuletea kiti, tukuweke mbele. Ukitaka baada ya Misa ucheze mpaka jioni."

"Kesho ni mbali."

"Kesho ni kesho tu!"

"Kwangu ni mbali."

Alimwelewa. Tusimsingizie kwamba hakuelewa. Alisimama na mkono wake wenye mafuta juu ya mti wa mvukuto, na kupitia kidirisha cha chumba kile aliyaona mashamba, mizabibu imeanza kuvimba machipukizi, ya akina Stöger, ya mjane Lenz mwenye watoto sita, ya Rosina mwenyewe. Aliona yote yakiwa meusi. Alimwona baba yake akisimama mlangoni mwa baa na kofia mkononi, hakuna anayesogea.

"Siwezi," alisema. "Niombe kingine chochote. Niliapa."

Gidi hakumgombeza, na ingekuwa afadhali kama angemgombeza. Alitikisa kichwa taratibu. "Basi kaa tu pale pako. Simama kama unakanyaga."

Notburga akarudi nyuma, akasimama kati ya miti miwili. Kamba ya kikengele haikuvutwa, maana hata kikengele kile kilikuwa Roma. Gidi alibisha kwa kidole juu ya mbao ya kinanda, mara moja, kama anayebisha hodi. Kisha akaanza kucheza.

Hakuna kilichotoka ila kelele ndogo ya vibao. Tak, tak-tak. Mbao juu ya mbao. Alicheza yote, yale yaliyokuwa kichwani mwake, bila upepo, na Notburga alisikia pale kasi inapopungua, pale vidole vinaporudi nyuma kama vimesahau kitu, pale vinapopanda. Chini hakuna aliyeinua kichwa. Mwili wake wote ulitaka kukanyaga; alijishika kwenye ukuta kwa mikono miwili asikanyage. Vibao vikawa vichache, vikachelewa, vikanyamaza. Alipozunguka kwenda mbele, alimkuta Gidi amefumba macho na kidole kimoja bado kimebonyeza kibao kimoja, karibu na katikati, amekishikilia.

"Kinaishia hapa," alisema Gidi. "Hapa ndipo pazuri."

"Kesho utanisikilizisha."

"Kesho," alisema Gidi. Rosina akaja juu akilia kwa hasira, wakamshusha pamoja.

Jumamosi Notburga alifika kanisani kabla ya watu wote. Aliweka kiti cha mkono mbele, karibu na altari, juu yake blanketi la Rosina alilolichukua jana yake, akapanda kwenda kujaza mivukuto. Mwalimu mpya, bwana Prohaska, alipopanda baadaye kupiga kinanda, alimwuliza, "Gidi ameshaletwa?" Mwalimu akajishughulisha na miwani yake. "Kuna watu wengi," alisema. "Anza kujiandaa."

Utukufu ukaimbwa. Kengele zikarudi zote kwa pamoja, kubwa na ndogo, watoto wakapiga vigelegele, kikengele cha kamba kikalia, na Notburga akakanyaga. Watu waliokuwepo walisema kinanda hakikuwahi kulia namna ile. Alikanyaga kwa ajili ya kiti kile. Kushoto, kulia, machozi yanamshuka kwa furaha, kila pumzi aliyoitoa akimpelekea, akisema moyoni, hii hapa, Gidi, na hii, na hii.

Misa ilipokwisha alishuka mbio, hajajifuta uso. Kiti kilikuwa kitupu, blanketi limekunjwa vilevile. Rosina hakuwepo. Akamgeukia mwalimu Prohaska aliyekuwa akishuka nyuma yake.

"Mbona hawakumleta?"

"Alfajiri, Notburga," alisema mwalimu. "Kabla jua halijatoka. Niliogopa nikikwambia hutakanyaga."

Hakulia palepale. Alilichukua blanketi akalikumbatia, akatoka nalo nje, na nje watu walikuwa wanasubiri na vikapu vyao vya nyama na mayai vibarikiwe.

Yaliyofuata ni ya wakubwa. Walikuja kutoka Vienna na farasi weusi, wakahutubia, wakamchukua kumzika huko kwa heshima. Mwaka ule mizabibu ilizaa, kama miaka mingi mingine, na Notburga alijiambia: angalau hilo. Alilishika hilo kwa mikono miwili. Kijiji kilikula kwa sababu yeye alisema siwezi. Watoto wa mjane Lenz walivaa viatu. Kila jirani alipojaza pipa, Notburga alihesabu kwamba Gidi hakufa kimya bure. Bila hesabu ile sijui kama angeweza kuamka asubuhi.

Alizeeka. Goti la baba yake likamhamia. Padre mmoja akafa, akaja mwingine, kijana, mwenye mwendo wa haraka. Na siku moja mashabiki wa Thanner huko Vienna wakaamua kwamba kinanda alichojifunzia mtu mkubwa namna ile hakifai kukorofishwa na panya. Wakaleta fundi. Alikitengeneza Kwaresima nzima: mabomba, mbao, na mivukuto yote miwili akaivika ngozi mpya ya ndama.

"Haya, bibi," fundi alimwambia Notburga kwa fahari alipomaliza. "Zamani ulikuwa unajaza gunia lililotoboka. Sasa ukiijaza hii, waweza kwenda kunywa kahawa, ukarudi ukaikuta na upepo."

Fundi alidhani amemfurahisha bibi kizee. Notburga alikaa chini juu ya sanduku la vifaa, ikabidi aletewe maji.

Ijumaa Kuu, ibada ilipokwisha, alipanda juu na kopo la mafuta kama kila mwaka. Chini wanawake walisali kaburini. Aliliweka kopo chini. Alipanda mti wa kulia, akaudidimiza, akapanda wa kushoto. Ngozi mpya haikukoroma. Mivukuto ikajaa mpaka juu, na hapo akaanza kuzunguka kwenda mbele, akishika ukuta. Miguu ya kukimbia ilikwisha zamani. Alitembea, akapumzika penye kona, akatembea tena. Alikaa kwenye benchi, akavuta kitasa cha mbao kinachofungua mabomba, na akatafuta kibao kile kwa macho. Hakukisahau hata siku moja. Akakibonyeza kwa kidole kilekile alichotumia Gidi.

Pumzi ilikuwepo.

Sauti ilitoka pole, ya chini kidogo, ikasimama katikati ya kanisa kimya. Hakuwahi kujua kwamba upande wa mbele ni hivi. Hakukuwa na ngozi wala mbao wala moyo wake unaogonga, ilikuwa ni sauti tu, na ilikuwa nzuri kuliko alivyowahi kuwaza kule gizani. Ndipo alipolia.

Padre kijana alipanda ngazi mbilimbili. "Bibi Notburga! Leo? Leo hii?"

"Ndiyo, Baba."

"Hujui kwamba kengele..."

"Najua ziko wapi."

"Nani kakutuma?"

"Gidi aliomba."

"Gidi gani?" Padre alimtazama, kisha akatazama kile kibao cha marumaru kipya ukutani. Sauti yake ikashuka. "Bwana Thanner? Bibi, amekufa zamani sana."

"Najua, Baba. Nimechelewa."

Padre alinyoosha mkono kuuondoa ule wa bibi, kisha akaurudisha. Wakasubiri wote wawili. Kule nyuma mivukuto ilishuka polepole, sauti ikaanza kutetemeka, ikapinda kidogo, ikakatika.

"Pumzi imekwisha," alisema Notburga, akainua kidole.

Alipewa kitubio, na kijiji kikapata maneno. Wazee walikumbuka. Jalidi karudia! Katika uzee wake huu, kwa akili zake timamu! Mei ilipoingia wakulima walirundika majani makavu kando ya mashamba tayari kwa kuwasha moshi, na hakuna aliyemwambia Notburga awapishe, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsemesha.

Ikafika ile siku ya kwanza ya watakatifu wa baridi. Alfajiri alijifunga shali, akaenda, lakini si kwa njia ya mtoni. Aliingia shambani kwa akina Stöger katikati ya mistari ya mizabibu, mahali ambapo mwezi ule hakuwahi kukanyaga tangu utotoni, akashika jani. Lilikuwa na umande wa kawaida. Siku ya pili vilevile. Siku ya mwisho aligusa jani hili na hili, mstari mzima, yote mabichi, laini, yanang'aa, na mwishowe akakaa chini kwenye udongo akalia kwa sauti hata mke wa Stöger akatoka nyumbani anakimbia, amevaa kiatu kimoja.

"Yesu na Maria! Zimeungua?"

Notburga alitikisa kichwa.

"Basi kuna nini? Kumeharibika nini?"

"Hakujaharibika kitu," alisema Notburga. Alimwonyesha jani aliloshika. "Tazama mwenyewe, mwanangu. Hakuna kilichoharibika. Hakuna hata kimoja."

Mwanamke yule hakuelewa kwa nini kizee alie kwa habari njema kama hiyo, akadhani ni umri. Alimwinua, akampangusa udongo, akampeleka nyumbani kwake akampa maziwa ya moto. Mvinyo wa mwaka ule ulikuwa mwingi na mtamu kuliko wa miaka mingi. Tuliunywa mwezi wa Novemba, kwenye mazishi yake.